Kivuli na Mwangwi

Kwetu Shinyanga na Geita, ukitaja mionzi watu hufikiria saratani. Ukitaja ultrasaundi hufikiria mimba. Ndivyo mashine hizi mbili zilivyogawana sifa mbele ya umma. Ya kwanza hukaa katika chumba chenye kuta nene na taa nyekundu juu ya mlango, na mwenye kuiendesha hutazamwa kama mtu mwenye siri. Ya pili hukaa karibu na kliniki ya wajawazito, na foleni yake ni ya vitenge na mazungumzo. Mimi nilifanya kazi katika chumba cha taa nyekundu tangu mwaka 1984 hadi nilipostaafu mwaka 2022, kwanza Shinyanga mjini na baadaye upande wa Geita. Jirani yangu wa ultrasaundi nilimsalimu kila asubuhi, kisha kila mmoja akashika kazi yake. Sasa katika uzee nimemwona jirani huyo akiingia mahali ambapo eksirei ilitawala kwa miaka mingi, nako ni ndani ya moyo wa mtu aliye hai. Habari hiyo niliisoma kwanza katika majarida, nikaipenda kama mtu anavyopenda habari za mbali. Kisha ikaja nyumbani.

Lakini yafaa nianze na eksirei yenyewe, maana asiyeielewa hataona ni kitu gani kilichopungua.

Eksirei ni kivuli. Wilhelm Röntgen alipoigundua kule Würzburg, Ujerumani, mwezi Novemba mwaka 1895, alichokiona ni kivuli cha mifupa ya mkono. Na hadi leo, pamoja na kompyuta zote tulizonazo, picha ya eksirei ni kivuli cha kile kilichoizuia miali isipite. Mfupa huzuia sana, chuma huzuia zaidi, na risasi huzuia karibu yote. (Lugha yetu ina mzaha wake: neno lile lile la kitu kinachoua vitani ndilo la madini yanayomlinda mpiga picha kazini. Nimevaa risasi kifuani miaka thelathini na minane, na ningali mzima.) Nyama na damu huzuia kidogo, tena kwa kiasi kinachokaribiana mno, ndiyo sababu katika picha ya kifua moyo huonekana kama mfuko mmoja mweupe, usijue ukuta uko wapi na damu iko wapi. Likumbuke jambo hilo, ndugu msomaji, maana nitalirudia.

Waliotutangulia katika kazi hii walilipa deni kubwa. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison huko Marekani, aliweka mikono yake mbele ya miali siku baada ya siku, akakatwa mikono yote miwili, akafa mwaka 1904. Hapa kwetu sheria ya kuwakinga watu na mionzi ilipitishwa mwaka 1983, mwaka mmoja kabla sijaanza kazi. Na kwa sheria ya mwaka 2003 ikaja Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Beji ndogo tuliyoivaa kifuani ilisafiri hadi Arusha kusomwa, nasi tukapewa tarakimu zetu. Kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisieverti 20 kwa mwaka. Kwa mwananchi wa kawaida ni 1, bila kuhesabu tiba wala mionzi ya asili itokayo ardhini na angani, ambayo kwa wastani wa dunia ni kama 2.4 kwa mwaka. Kwa mgonjwa hakuna kikomo kilichoandikwa. Kwake kuna kanuni tu kwamba picha iwe na sababu, na dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Kanuni hiyo huachiwa dhamiri ya aliyekanyaga pedali.

Katika ukanda wa dhahabu wateja wangu wengi walikuwa wachimbaji wadogo, watu wa Mgusu, Nyarugusu na Rwamgasa, wanaoshuka kwenye maduara na kuvuta vumbi la mwamba miaka nenda miaka rudi, hata kifua kikawa kigumu na kifua kikuu kikapata makao. Picha moja ya kifua ni milisieverti 0.1 au chini ya hapo, yaani kiasi ambacho ardhi na anga humpa mtu katika siku kumi na tano hivi. Walikuwapo waliorudi juma lililofuata wakaniambia, "Mzee, nipige tena, ile ya juzi ilinisaidia." Walidhani ni dawa. Na walikuwapo wengine waliokataa katakata kusimama mbele ya mashine, wakidai kwamba inakausha damu. Wote wawili nilikaa nao kitako nikawaeleza, na nakiri wale wa kwanza walikuwa wagumu zaidi.

Sasa nije kwa yaliyotukuta. Binti wa mdogo wangu, ambaye kwa desturi yetu ni binti yangu, alikuwa na miaka 24 mwaka 2023. Alikuwa mama lishe, akiwapikia wachimbaji karibu na Geita mjini. Tangu shule ya msingi moyo wake ulikuwa na tabia ya kwenda mbio ghafla, pasipo homa wala hasira wala kazi nzito. Ukaenda hivyo dakika kumi au nusu saa, kisha ukakoma mara moja kama taa iliyozimwa. Majirani walisema ni mapepo. Mama yake alimpeleka kuombewa, nami simlaumu, kwa kuwa ugonjwa unaokwisha wenyewe kabla hamjafika zahanati haukuachii ushahidi wowote. Mwaka huo alianguka jikoni, kando ya sufuria la maharage lililokuwa likichemka. Ashukuriwe Mungu aliangukia upande wa pili. Walipompima umeme wa moyo, akiwa amekwisha tulia, karatasi ilionyesha alama ya ugonjwa ambao madaktari watatu, Wolff, Parkinson na White, waliuandika mwaka 1930.

Moyo wa kawaida una njia moja tu ya kupitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vyumba vya chini, na katika njia hiyo pana kituo kinachouchelewesha umeme kidogo, mfano wa geti la ukaguzi barabarani. Binti yetu alizaliwa na njia ya pili, uzi mwembamba wa nyama unaopita pembeni pasipo geti. Watu wa mipakani huiita njia ya namna hiyo njia ya panya. Umeme ukishuka kwa barabara kuu na kupanda kwa njia ya panya, huanza kuzunguka pasipo kituo, na moyo hupiga mara 200 kwa dakika au karibu na hapo. Kwa wengi huo ni usumbufu. Kwa wachache, vyumba vya juu vikivurugika na vurugu yote ikateremka kwa njia isiyo na geti, ni kifo cha ghafla.

Dawa hupunguza tu. Kinachoponya ni kuichoma njia yenyewe. Daktari hupitisha katheta, yaani nyaya nyembamba laini, katika mshipa wa kinena hadi moyoni. Huitafuta njia ya panya kwa kuusikiliza umeme wake. Akiipata, huiunguza kwa joto la mawimbi ya redio katika ncha ya katheta, milimita chache tu za nyama. Mawimbi hayo yalianza kutumika kwa wanadamu kwa kazi hii mwaka 1987, na kwa ugonjwa kama wa binti yetu hufaulu kwa wagonjwa zaidi ya 9 katika kila 10. Nchini mwetu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 pale Muhimbili, Dar es Salaam, hutibu maradhi ya mfumo wa umeme wa moyo. Zamani mgonjwa wa namna hiyo, kama alikuwa na bahati, alipelekwa India.

Basi kikao kikaitwa nyumbani kwangu. Mdogo wangu alikuwa tayari kuuza ng'ombe wawili kwa ajili ya safari na matibabu. Aliyepinga ni mkewe. Mtu mmoja wa kazi za tiba, ambaye hakupata kuiona shughuli hiyo kwa macho yake, alikuwa amemwambia kwamba mgonjwa hulazwa chini ya eksirei saa nzima na kizazi huungua. Binti alikuwa ameposwa. Alipopewa nafasi ya kusema, alinitazama mimi, si baba yake.

"Moyo huu nimeuzoea, baba mkubwa," akasema. "Utasa sitauzoea."

Wote wakanigeukia, maana ndiye mtu wa mionzi katika ukoo.

Sikuweza kuwaambia kwamba maneno yale yametoka hewani, kwa sababu yana asili yake. Eksirei inayotumika katika kazi ya katheta si picha moja, ni picha za mfululizo kama sinema. Katika miaka ya mwanzo, kwa mgonjwa mwenye njia ngumu, saa nzima ya sinema hiyo haikuwa jambo la ajabu. Dozi ya milisieverti 10 au zaidi, sawa na picha za kifua mia na kuendelea, ilikuwa ya kawaida. Mwaka 1994 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwa madaktari kuhusu wagonjwa waliobabuka ngozi kwa kazi ndefu za namna hii, wakiwamo wa kuchomwa njia za moyo.

Kwa nini iwe ndefu hivyo? Ndipo ninaporudi kwenye kivuli. Daktari aliiona katheta, kwa kuwa ina chuma, lakini hakuuona ukuta inaougusa. Ni kama mtu aliyesimama mdomoni mwa duara, akitazama kivuli cha mchimbaji kikicheza, huku akikisia kama nyundo imegonga mwamba au imegonga hewa. Kwa kutoona alikanyaga pedali tena, na tena.

Ultrasaundi si kivuli, ni mwangwi. Sauti nyembamba isiyosikika kwa sikio la mwanadamu hupelekwa mwilini, hugonga mahali ambapo damu inakutana na nyama, ikarudi na habari. Kile ambacho eksirei inakichanganya, mwangwi unakitenganisha. Tena sauti hiyo haina uwezo wa mionzi wa kuvunja chembe za urithi. Kuutazama moyo kwa mwangwi kulianzia Lund, Sweden, mwaka 1953, pale daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz walipotumia kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kutafuta nyufa katika vyuma. Hapa ukanda wa migodi habari hiyo humfurahisha kila fundi ninayemsimulia.

Udhaifu wa mwangwi ni mfupa na hewa. Mbavu huuzuia, mapafu huutawanya, na mtu mnene huufifisha. Kwa hiyo madaktari wakatafuta milango mingine. Mmoja ni koo: kifaa humezwa hadi nyuma ya moyo, ambako hakuna mbavu. Mwingine ni kuiweka ultrasaundi yenyewe katika ncha ya katheta yenye unene wa milimita 3 hivi, ikapanda kwa mshipa ule ule wa kinena na kukaa ndani ya chumba cha juu cha kulia cha moyo. Kutoka humo daktari huona vali zikifunguka, huona ncha ya kuchomea ikiwa imelala juu ya nyama au inaelea katika damu. Damu ikianza kuvujia mfuko unaouzunguka moyo, yeye huiona kabla shinikizo la damu la mgonjwa halijashuka.

Na kuna kazi moja ambayo kwayo mwangwi hauna mshindani. Njia ya panya ikiwa upande wa kushoto, mara nyingi hulazimu kuutoboa kwa sindano ukuta mwembamba uliopo kati ya vyumba viwili vya juu. Kwa kivuli peke yake, kazi hiyo hutegemea uzoefu wa mkono: sindano ikienda mbele mno imeingia mshipa mkuu wa damu, ikienda nyuma mno imetoka nje ya moyo. Kwa mwangwi daktari huuona ukuta ukisukumwa na sindano kama kidole kinavyosukuma chandarua, ndipo anatoboa. Mwangwi ukiunganishwa na mashine inayochora ramani ya moyo kwa nguvu za sumaku, eksirei hubaki na kazi ndogo sana. Ziko hospitali duniani zinazomaliza shughuli nzima pasipo kuiwasha, na wahudumu wake husimama bila aproni ya risasi. Watoto na wajawazito walikuwa miongoni mwa walionufaika mapema.

Hata hivyo, pale kwenye kikao sikuanza na habari za ultrasaundi. Nilianza na kizazi, kwa sababu ndiko hofu iliko. Miali hulengwa kifuani. Ovari ziko mbali, nazo hupata kile kilichotawanyika tu. Dozi ya kumfanya mwanamke awe tasa ni kubwa kuliko mtawanyiko huo kwa zaidi ya mara elfu. Kwa hiyo hata kwa njia ya zamani binti asingekosa mtoto kwa sababu ya eksirei. Kilichobaki ni saratani, nayo nikawapa hesabu: watu 2,000 wakipata milisieverti 10 kila mmoja, hukadiriwa kwamba mmoja wao atapata saratani ya kuua kwa ajili ya dozi hiyo, mbali na wengi watakaoipata kwa sababu nyingine. Hatari ya kuuacha moyo kama ulivyo, kwa mtu aliyekwisha kuanguka, ilikuwa kubwa kuliko hiyo. Lakini mmoja katika 2,000 si sifuri, hasa kwa msichana aliyebakiwa na miaka hamsini mbele yake, ndiyo maana inafaa kuuliza kama dozi inaweza kupungua.

Shemeji alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo hakuna mkaguzi aliyepata kuniuliza.

"Shemeji, kama haidhuru, mbona ninyi mnapopiga hukimbilia nyuma ya ukuta?"

Nikamjibu kwamba mgonjwa hupigwa mara moja na faida ni yake. Mimi ningepigwa mara arobaini kwa siku na faida si yangu. Akatafakari kidogo. "Kama moshi wa jikoni," akasema. "Mteja anakula anaondoka, mpishi anakaa nao." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo katika kitabu chochote cha mafunzo yetu.

Na mpishi huyo yafaa akumbukwe. Daktari wa katheta hawezi kujificha nyuma ya ukuta. Husimama kando ya mgonjwa saa nyingi, siku nyingi, amebeba aproni ya kilo kadhaa. Migongo yao huharibika, na lenzi za macho yao huweza kupata ukungu. Mwaka 2011 tume ya kimataifa ya kinga ya mionzi ilishusha kikomo cha lenzi ya jicho cha wafanyakazi kutoka milisieverti 150 kwa mwaka hadi wastani wa 20. Kwa nchi yenye wataalamu wa moyo wa kuhesabika, mgongo wa mmoja wao ni mali ya taifa.

Nisimpake msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Katheta ya ultrasaundi ya kuingia moyoni hugharimu zaidi ya dola elfu moja, na imeundwa kutumika mara moja. Tena wagonjwa wengi wa moyo usio na mpangilio katika wodi za kwetu hawana njia ya panya. Vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza na koo la utotoni ambalo halikutibiwa kwa penisilini. Hao kuchomwa hakuwasaidii sana. Mimi ningepewa fungu la fedha nigawe, ningeanza na koo za watoto wa Geita na mashine ya kawaida ya ultrasaundi ya kutazama vali, pamoja na mtu aliyefundishwa kuitumia. Hayo nayasema kama mwananchi tu.

Ng'ombe wakauzwa. Nilimwandikia binti maswali katika karatasi ya daftari: kama wana ramani ya sumaku, kama ukuta utatobolewa, watauonaje, na mwisho, kazi ikiisha, eksirei iliwashwa dakika ngapi na dozi ilikuwa kiasi gani. Alisafiri na baba yake kwa basi hadi Dar es Salaam. Aliniambia baadaye kwamba daktari aliposoma swali la mwisho alicheka, akamwuliza ni nani aliyemtuma.

Njia ilikuwa upande wa kushoto. Ukuta ulitobolewa kwa kuongozwa na ultrasaundi ya kooni, na mshipa wa kinena nao ulitafutwa kwa ultrasaundi, si kwa kupapasa. Eksirei iliwashwa dakika 3 na sekunde 40 kwa jumla. Nilipoletewa karatasi nilivaa miwani, nikaisoma tarakimu hiyo mara mbili, huku mdogo wangu akishangaa kwamba sijauliza kwanza kama mtoto amepona. Mama yake aliiomba ile karatasi. Ameiweka katika mkoba mmoja na kadi ya kliniki ya utotoni na cheti cha ubatizo.

Mwezi wa pili baada ya kurudi binti alinipigia simu usiku, nami nikashtuka, maana simu za usiku zina sifa yake.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Hakuna kitu," akasema. "Nimelala naungoja uanze, hauanzi."

Nikamwuliza kuhusu kidonda cha kinena. Akasema kilikauka zamani, na kwamba kesho ataamka saa kumi alfajiri kubandika maharage.